Kusogeza, Kukomea na Kushuhudia: Historia ya Kigeuza Njia cha Mkono katika Reli, 1797–2018

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya muundo wa kigeuza njia cha reli kinachoendeshwa kwa mkono, tangu njia za makaa ya mawe za Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 hadi ajali mbili zilizotokea katika jimbo la South Carolina, Marekani, mwaka 2005 na mwaka 2018. Hoja kuu ni kwamba kifaa hiki kina kazi tatu tofauti: kusogeza reli, kuikomea mahali pake, na kumshuhudia dereva aliye mbali kwamba imekomewa upande unaotakiwa. Kazi hizi hazikupata ufumbuzi kwa wakati mmoja, wala hazikugharimiwa kwa usawa. Ile ya tatu iliachiwa kumbukumbu ya mtumishi katika njia zenye safari chache, ingawa kinga ya ufunguo, isiyohitaji umeme, ilikwisha kuvumbuliwa mwaka 1875. Makala yanahitimisha kwa kueleza maana ya historia hiyo kwa nchi za Afrika Mashariki, ambako reli mpya na za zamani zinatumika bega kwa bega.

1. Utangulizi

Historia ya reli imezoea kuandikwa kwa kutaja injini, madaraja na urefu wa njia. Vifaa vidogo vilivyo ardhini, ambavyo hupakwa grisi na kusahauliwa, hupata nafasi finyu. Hata hivyo, gari la reli halina usukani. Dereva anaweza kuongeza mwendo au kufunga breki, lakini hawezi kuchagua upande wa kwenda. Uchaguzi huo hufanywa ardhini, na mara nyingi hufanywa na mtu mwingine, dakika au saa nyingi kabla treni haijafika. Mahali pa uchaguzi huo ndipo panapowekwa kigeuza njia.

Ili kuepuka utata, istilahi chache zinafaa kubainishwa mapema. Ulimi ni kipande cha reli kilichochongwa kikawa chembamba upande mmoja; upande mwembamba ni ncha, na upande mnene ni shina. Reli tuli ni ile isiyosogea, ambayo ulimi huilalia. Kigeuza njia cha kawaida kina ndimi mbili zilizounganishwa kwa ufito wa chuma, hivi kwamba ulimi mmoja unapogusa reli tuli ya upande wake, mwingine huwa umeachana na ya kwake na kuacha nafasi ya ukingo wa gurudumu kupita. Wenzo ni mkono wa chuma anaousukuma au kuuvuta mtumishi ili kuzisogeza ndimi hizo.

Lugha ya Kiswahili ina tofauti moja inayofaa sana katika mjadala huu. Mlango ulioshindikwa si mlango uliokomewa. Wa kwanza umerudishwa tu na unaonekana umefungwa, lakini upepo unaweza kuusukuma. Wa pili una komeo, na hausogei mpaka komeo liondolewe. Sehemu kubwa ya historia ya kigeuza njia ni historia ya wahandisi waliochelewa kutofautisha hali hizo mbili, na kisha kuchelewa zaidi kuuliza swali la tatu: mtu aliye mbali na mlango atajuaje kuwa umekomewa?

2. Kusogeza: kutoka kipande cha mbao hadi wenzo

Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, mabehewa yalivutwa na farasi kwenye njia za mbao, kisha kwenye njia za chuma cha kusubu. Mwaka 1797 John Curr, msimamizi wa migodi ya Sheffield, alichapisha kitabu kilichoeleza njia yake ya bamba za chuma zenye umbo la pembe, ambazo ukingo wake ulikuwa kwenye bamba badala ya gurudumu. Kwa ajili ya kugawanya njia, Curr alitumia ulimi mmoja wa chuma uliozunguka kwenye pini ya wima. Aliyeongoza farasi ndiye aliyeusogeza, na kipande cha mbao kilitosha kuuzuia usirudi.

Muundo huo ulikidhi haja ya wakati wake kwa sababu moja iliyo wazi: mtu aliyeusogeza ulimi ndiye aliyepita juu yake, kwa mwendo wa miguu, mara tu baada ya kuusogeza. Kusogeza, kuzuia na kushuhudia vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Reli ya Surrey, iliyofunguliwa mwaka 1803 kusini mwa London kwa ajili ya mabehewa ya farasi, ilikuwa bado katika ulimwengu huo.

Injini ya mvuke ndiyo iliyotenganisha mambo hayo. Mabehewa yalipokuwa mazito na mwendo ukaongezeka, haikuwezekana tena kwa dereva kushuka kila penye njia panda. Suluhisho mojawapo la mwanzo lilikuwa kuzisogeza reli zenyewe: vipande viwili vya reli ya kawaida, visivyochongwa, vilivutwa pamoja mpaka miisho yao ikakabiliana na njia moja au nyingine. Muundo huu ulienea sana Marekani na kudumu huko kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Ulikuwa rahisi kutengenezwa na fundi yeyote wa chuma, kwa kuwa haukuhitaji reli ya kuchongwa. Lakini ulikuwa na dosari tatu. Palibaki mwanya kati ya miisho ya reli, na kila gurudumu liliugonga. Siku za joto kali chuma kilirefuka, miisho ikabanana, na wenzo ukagoma. Tena, treni iliyotokea kwenye njia ambayo kigeuzi hakikuelekezwa ilikuta reli imekatika mbele yake, ikaanguka.

Ulimi uliochongwa uliondoa dosari hizo kwa kiasi kikubwa. Nchini Uingereza, Charles Fox, mhandisi ambaye baadaye kampuni yake ilijenga jengo la maonyesho la Crystal Palace la mwaka 1851, anatambuliwa kwa hataza ya miaka ya 1830 iliyohusu ulimi wa aina hiyo. Ulimi unapoilalia reli tuli, gurudumu huhama kutoka reli moja hadi nyingine bila kuvuka mwanya. Treni inayotoka upande wa shina, hata kama ndimi zimeelekezwa kwingine, mara nyingi huzisukuma kwa kingo za magurudumu na kupita, ingawa inaweza kuharibu mitambo.

Nguvu za kusogeza hazikuwa tatizo kubwa. Ndimi hukalia vikalio vya chuma vilivyopakwa mafuta, na ncha husafiri takriban sentimita 10 tu. Mshiko wa wenzo ukisafiri mita 1 wakati ncha inasafiri sentimita 10, nguvu ya mkono huongezwa mara 10 kabla ya kutoa hasara ya msuguano. Mtu mmoja mwenye afya ya kawaida aliweza kazi hiyo, ilimradi vikalio visafishwe mchanga, majani na kutu. Kwa hiyo kazi ya kwanza kati ya tatu, yaani kusogeza, ilikuwa imepata ufumbuzi wa kuridhisha kufikia katikati ya karne ya 19. Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi.

3. Kukomea: uzani hautoshi

Njia nyepesi ya kuuzuia ulimi ulioelekezwa ni kuufunga wenzo kwa uzani. Kipande kizito cha chuma cha kusubu hutiwa kwenye wenzo kwa namna ambayo kikivuka kilele huanguka upande wa pili, kikaendelea kuzivuta ndimi kuelekea reli tuli. Wahandisi wa Ujerumani waliuboresha muundo huu kwa kuupaka uzani rangi nyeusi nusu na nyeupe nusu, ili mtu aliye mbali asome hali ya kigeuzi kwa rangi na mkao wake. Katika maeneo ya kupanga mabehewa, ambako mwendo ni mdogo, uzani ungali unatumika mpaka leo.

Lakini uzani hushindika, haukomei. Unauvuta ulimi kwa nguvu isiyozidi kiasi fulani, na nguvu kubwa kuliko hiyo huushinda. Mtikisiko wa treni nzito, jiwe dogo lililonasa kati ya ulimi na reli tuli, au ufito uliopinda vyaweza kuuachanisha ulimi na reli yake kwa milimita kadhaa. Kwa treni inayotoka upande wa shina, mwanya huo hauna madhara makubwa. Kwa treni inayokabili ncha, mwanya huo ni mlango: ukingo wa gurudumu unaweza kuingia kati ya ulimi na reli tuli, magurudumu ya upande mmoja yakafuata njia moja na ya upande wa pili nyingine.

Ndiyo sababu makampuni ya Uingereza yalijaribu kwa miaka mingi kuepuka vigeuzi vinavyokabiliwa na treni za mwendo mkali. Njia za kando ziliunganishwa kwa namna ambayo treni ilipaswa kupita kwanza, kisha kurudi kinyumenyume ili kuingia. Utaratibu huo ulipoteza muda lakini uliokoa maisha. Hata hivyo, safari zilipoongezeka, haukuweza kudumu katika stesheni kubwa.

Usiku wa tarehe 3 Agosti 1873, treni ya wasafiri iliyotoka London kwenda Uskoti ilipita stesheni ya Wigan kwa kasi. Injini na mabehewa ya mbele yalivuka salama. Mabehewa ya nyuma yaliacha reli penye kigeuzi kilichokabiliwa na treni, na watu 13 walifariki. Wachunguzi walibishana kuhusu kiini cha ajali: je, ilikuwa kasi, au ndimi zilisogea treni ikiwa juu yake? Kutokuwa na jibu la hakika kulikuwa hoja yenyewe. Kama ulimi ungekuwa na komeo linaloonekana na kuthibitika, swali la pili lisingeulizwa.

Baada ya hapo, komeo la ndimi lilisisitizwa zaidi na zaidi katika njia za abiria. Kanuni yake ni ileile ya mlango. Ufito unaounganisha ndimi hutobolewa au kuchongwa pengo, na pini ya chuma husukumwa kupita katika pengo hilo. Ndimi zisipofika mahali pake barabara, pengo halilingani na pini, na pini haipiti. Hivyo komeo lina faida mbili kwa pamoja: linazuia mwendo, na linakataa kufunga kitu ambacho hakijakaa sawa. Mafundi waliongeza ufito mwingine mrefu kando ya reli, uliozidi nafasi kubwa kabisa kati ya magurudumu ya behewa. Ili kuondoa komeo, ufito huo ulipaswa kuinuka kwanza. Kama gurudumu lolote lilikuwa juu yake, haukuinuka, na mtumishi hakuweza kuusogeza ulimi chini ya treni hata kama angetaka.

Katika Ujerumani suluhisho lilichukua umbo lingine. Ndoano ya chuma iliukamata ulimi na kuubana kwenye reli tuli, lakini iliachia endapo treni ilitokea upande wa shina kwa makosa. Mhandisi wa Uingereza alitaka komeo lisiloachia kamwe. Yule wa Ujerumani alitaka komeo linalosamehe kosa moja ili lisizae jingine. Kila mmoja alikuwa na hoja, na tofauti hiyo yaonyesha kwamba muundo wa chuma hubeba ndani yake uamuzi kuhusu makosa gani ya binadamu yavumiliwe.

4. Kushuhudia: kibanda, waya na sheria

Komeo humhakikishia aliyesimama kando yake. Dereva anayekuja kwa kilomita 80 kwa saa halioni. Anachokiona ni ishara, na ishara yaweza kusema uongo ikiwa haifungamani na ulimi.

Hatua za mwanzo za kufungamanisha viwili hivyo zilichukuliwa katika njia panda ya Bricklayers Arms, London. Mnamo 1843 na 1844 Charles Hutton Gregory aliweka hapo nyenzo za ishara mahali pamoja, na baadhi yake zikazuiana. Mwaka 1856 John Saxby alipata hataza ya mfumo uliosogeza ndimi na ishara kwa wenzo mmoja, ukawekwa mahali hapohapo. Mfumo wa Saxby ulikuwa na udhaifu mmoja wa kimantiki: kwa kuwa vyote vilisogea pamoja, wenzo ulioishia katikati uliacha ulimi nusu na ishara nusu. Kufikia mwaka 1860, Austin Chambers alikuwa ameweka katika njia panda ya Kentish Town mfumo wa kufuatana: wenzo wa ishara haukuachiliwa mpaka wenzo wa ndimi ukamilishe safari yake yote. Tangu hapo ufungamano wa nyenzo ukawa somo kamili la uhandisi.

Sheria ilikuja nyuma ya ufundi. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh nchini Ireland, mabehewa ya treni ya matembezi yaliteremka mlima bila breki ya kutosha na kugongana na treni iliyofuata. Watu 80 walifariki. Ajali hiyo haikusababishwa na kigeuza njia. Hata hivyo, sheria iliyopitishwa mwaka huohuo iliipa Bodi ya Biashara uwezo wa kuyalazimisha makampuni yatumie breki endelevu, mfumo wa kutenga treni kwa vipande vya njia, na ufungamano wa ishara na ndimi katika njia za abiria. Wakaguzi wa serikali walikuwa wakilishauri jambo hilo kwa miongo kadhaa. Maarifa yalikuwapo, kilichokosekana ni amri.

Ufungamano huo, pamoja na ubora wake, ulikuwa na mipaka ya kimaumbile. Ndimi ziliendeshwa kutoka kibandani kwa fito ndefu za chuma. Chuma hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi 1 ya joto. Ufito wa mita 200, joto likipanda kwa nyuzi 20 kati ya alfajiri na adhuhuri, hurefuka karibu sentimita 5. Hiyo ni nusu ya safari nzima ya ncha ya ulimi. Mafundi waliweka katikati ya njia kipande cha kugeuza msukumo kuwa mvuto, ili urefu ulioongezeka upande mmoja ufute ule wa upande wa pili. Hata hivyo, msuguano na gharama viliweka kikomo. Kigeuzi kilichokuwa kilomita kadhaa kutoka stesheni, kinachoingia kiwandani au machimboni, hakikuweza kufikiwa na ufito wowote.

5. Ufunguo wa Annett

Swali la kigeuzi kilicho mbali na kibanda lilipata jibu la mwaka 1875, katika hataza ya J. E. Annett. Jibu lenyewe lilikuwa ufunguo.

Ufunguo wa Annett hukaa katika kufuli iliyoko kibandani. Ukiutoa, nyenzo za ishara husika hujifunga katika hali ya hatari, na haziwezi kufunguliwa mpaka ufunguo urejeshwe. Mtumishi huubeba hadi kwenye kigeuzi cha mbali na kuutia katika kufuli ya wenzo wa hapo. Baada ya hapo wenzo huweza kusogezwa. Lakini maadamu ndimi zimeelekezwa njia ya kando, ufunguo hunaswa na hautoki. Utatoka tu pale ndimi zitakaporudishwa njia kuu na kukomewa. Kwa hiyo kuwapo kwa ufunguo kibandani ni ushahidi, uliotengenezwa kwa chuma, kwamba kigeuzi kisichoonekana kimekomewa upande wa njia kuu.

Katika reli za njia moja wazo hilo lilipanuliwa kwa urahisi. Baada ya ajali ya Thorpe ya tarehe 10 Septemba 1874, ambamo treni mbili zilikabiliana katika njia moja na watu 25 wakafa, Edward Tyer alibuni mashine ya umeme ya vibao vya chuma, iliyopata hataza mwaka 1878: hakuna treni iliyoruhusiwa kuingia bila kibao, na kibao kimoja tu kilitoka kwa wakati mmoja. Kibao au fimbo kama hiyo iliweza kuwa ufunguo wa vigeuzi vyote vya njiani. Dereva aliyeshikilia fimbo alikuwa na haki ya kupita na uwezo wa kufungua. Asingeweza kuirudisha fimbo huku ameacha kigeuzi wazi, kwa sababu fimbo ingekuwa imenaswa. Katika India ya wakati wa Waingereza, mfumo wa List na Morse uliufuata mwelekeo huohuo wa kufungamanisha vigeuzi na ishara kwa njia ya funguo, katika stesheni ndogo ambazo kibanda kamili kilionekana ghali.

Umuhimu wa kihistoria wa ufunguo huu ni mkubwa kuliko umbo lake. Unaonyesha kwamba kazi ya tatu, yaani kushuhudia, haikuhitaji kusubiri umeme wala kompyuta. Iliweza kufanywa na kufuli mbili na kipande cha chuma. Bila shaka mfumo huu una udhaifu: unapunguza kasi ya kazi, kwa kuwa ufunguo ni lazima usafiri pamoja na mtu, na uongozi unaochonga ufunguo wa akiba ili kuokoa muda huwa umeuvunja mfumo wote kwa tupa moja. Lakini udhaifu huo unajulikana na unaweza kukaguliwa.

6. Mahali ambapo shahidi alikuwa kumbukumbu

Marekani ilifuata njia nyingine. Nchi ilikuwa pana, safari katika njia nyingi zilikuwa chache, na mfumo wa vibao na fimbo haukuenea. Treni ziliongozwa kwa ratiba na amri za maandishi, baadaye kwa redio. Kigeuza njia cha mkono kilipewa mlingoti wenye bamba la rangi na, zamani, taa, ili dereva asome hali yake akiwa njiani. Kilipewa pia kufuli ya kawaida. Kufuli hiyo ilimzuia mgeni kusogeza ulimi. Haikumzuia mtumishi kuondoka akiwa ameukomea upande usiofaa.

Tarehe 5 Januari 2005, katika mji wa Graniteville, South Carolina, watumishi wa treni ya mizigo waliegesha mabehewa yao katika njia ya kiwanda na kuondoka baada ya kazi. Kigeuzi kiliachwa kimeelekezwa kiwandani. Njia hiyo haikuwa na ishara. Saa 8:39 usiku, tarehe 6 Januari, treni iliyofuata ilifika kwa mwendo wa karibu kilomita 75 kwa saa, ikageuzwa na kuigonga ile iliyoegeshwa. Tangi la klorini lilitoboka. Watu 9 walifariki, akiwamo dereva, na takriban wakazi 5,400 walihamishwa makwao. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani ilihitimisha kwamba chanzo kilikuwa kushindwa kwa watumishi kurudisha kigeuzi kwenye njia kuu.

Kifaa hakikuharibika. Ulimi ulikuwa umeilalia reli yake barabara. Kusogeza kulifanyika na kukomea kulifanyika. Kilichokosekana ni shahidi. Bamba la kando ya njia lilisema kweli, lakini lilisema kwa dereva aliyelikaribia gizani wakati breki haziwezi tena kumwokoa.

Mnamo Oktoba 2005, Mamlaka ya Shirikisho ya Reli ilitoa amri ya dharura iliyowataka watumishi wajadiliane kuhusu hali ya vigeuzi na kuiandika katika fomu. Kanuni ya kudumu ilifuata mwaka 2008. Fomu ni bora kuliko kumbukumbu tupu, lakini nayo hujazwa na mtu yuleyule aliyechoka ambaye kumbukumbu yake inatiliwa shaka. Haina mwili unaonaswa katika kufuli.

Miaka 13 baada ya Graniteville, katika jimbo hilohilo, tarehe 4 Februari 2018, treni ya abiria iliyotoka New York kwenda Miami iligeuzwa na kigeuzi cha mkono huko Cayce, ikaigonga treni ya mizigo iliyoegeshwa. Dereva na kondakta walifariki, na abiria wengi wakajeruhiwa. Watumishi wa treni ya mizigo walikuwa wamekwisha kurudisha idhini yao ya kutumia njia kuu, ilhali kigeuzi hakikurudishwa. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba njia hiyo ilikuwa na ishara za umeme. Zilikuwa zimezimwa kwa muda, ili kuwezesha kufungwa kwa mfumo mpya wa kisasa wa udhibiti wa treni. Kwa siku chache hizo, njia iliyozoea kuwa na shahidi ilibaki bila shahidi, na treni ziliendelea kupita.

7. Afrika Mashariki: urithi wa aina mbili na kipindi cha mpito

Reli za Afrika Mashariki zilizaliwa kutokana na mila mbili za uhandisi zilizojadiliwa hapo juu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, kwa upana wa mita 1, kwa wafanyakazi, vifaa na mazoea yaliyotoka India kwa wingi. Reli ya Tanga, na Reli ya Kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, zilijengwa chini ya utawala wa Kijerumani, nazo kwa upana huohuo. Mwaka 1948 njia hizo ziliwekwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977 kulizigawa tena, na kila nchi ikabaki na sehemu yake ya vifaa, kanuni na watumishi.

Hizi zilikuwa reli za njia moja, zenye stesheni za kupishana zilizo mbali moja na nyingine, na safari chache kwa siku. Kwa hali hiyo kigeuzi cha mkono hakikuwa ishara ya uduni; kilikuwa chaguo la kiuchumi lenye mantiki. Mtu wa stesheni aliyekifahamu kigeuzi chake, akakisafisha na kukitia mafuta, alikuwa sehemu ya mtambo. Swali la kihistoria, na la kisera, si kwa nini mkono ulitumika, bali nini kiliwekwa kando ya mkono huo ili usaidiwe unapokosea.

Swali hilo limepata uzito mpya. Kenya ilifungua reli yake mpya ya upana wa kimataifa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017; Tanzania ilianza safari za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Katika njia hizo mpya udhibiti ni wa mbali. Wakati huohuo njia za mita 1 zinaendelea kubeba mizigo, na njia za viwanda, bandari na bohari za mafuta zitaendelea kuwa na vigeuzi vya mkono kwa muda mrefu. Bajeti na macho ya umma huelekea kwenye kilicho kipya. Ajali ya Cayce yaonyesha kwamba hatari haiko katika kale wala katika upya, bali katika mpito: pale kinga ya zamani inapoondolewa kabla ya mpya kuanza kazi.

8. Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha mpangilio ulio wazi. Kusogeza kulipata ufumbuzi mapema kwa sababu bila kusogeza hakuna kazi inayofanyika. Kukomea kulipata ufumbuzi baada ya ajali kama ya Wigan, kwa kuwa kasoro ya komeo huonekana katika chuma kilichopinda. Kushuhudia kulichelewa, kwa kuwa kasoro yake haionekani katika kifaa chochote: kigeuzi kilichosahauliwa ni kizima kabisa. Kwa sababu hiyo ni rahisi kumlaumu mtumishi na kukiacha kifaa kama kilivyo.

Mambo matatu yanafuata kwa wapangaji wa sera. Kwanza, kumbukumbu za vigeuzi vya mkono hazipaswi kuonyesha idadi na uchakavu pekee. Zionyeshe kila kimoja kinamshuhudia nani, na kwa njia gani. Pili, kati ya wenzo mtupu na udhibiti wa kompyuta ipo ngazi ya kati, ya kufuli na ufunguo, ambayo ujuzi wake wa karne moja na nusu uko ndani ya uwezo wa karakana za reli za kanda hii. Njia za bohari za mafuta na kemikali, ambako kosa moja laweza kuwa Graniteville nyingine, ndizo zinazostahili kutangulizwa. Tatu, mkataba wowote wa kubadili mfumo wa ishara unapaswa kueleza, kwa maneno bayana, nini kitachukua nafasi ya shahidi katika siku ambazo ishara zitazimwa, na treni zitapita kwa mwendo gani katika siku hizo.

Mtumishi anayesogeza wenzo usiku wa mvua hawezi kudaiwa asisahau kamwe. Anachoweza kudaiwa ni kuurudisha ufunguo. Na ufunguo, ukiwa umetengenezwa vizuri, hautarudi mpaka kazi iwe imekwisha.